Raundi ya Nyumba ya Mlimani

Mama mkwe wa kinyozi hakuwahi kusema kwamba anaifunga nyumba. Alisema anailaza. Alikuwa muuguzi tangu usichana wake, wodini wakimwita Sista, na alipostaafu jina lile lilimfuata nyumbani pamoja na mazoea yake yote ya kazini. Kwa hiyo kila likizo ilipokwisha na baridi kuanza kushuka kutoka kileleni, ile nyumba ndogo ya mbao pale mlimani ililazwa kama mgonjwa anavyolazwa: taratibu, kwa mpangilio, bila mtu kupaza sauti.

Mwaka ule goti lake lilimgomea. Alifika hadi barazani akiwa ameegemea bega la mkwe wake, akakaa kwenye kiti cha kamba, akanyoosha mguu.

"Leo wewe mikono," alimwambia. "Mimi mdomo."

Mkwe huyo ndiye kinyozi mwenyewe. Duka lake huko mjini lilikuwa na viti viwili, kioo kimoja kirefu na redio isiyozimwa, na kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuongea: mpira, mvua, ndoa za watu. Mlimani ndipo mahali pekee alipoweza kunyamaza bila kuulizwa anaumwa nini. Siku ya kwanza alipoletwa pale kama mchumba wa binti wa nyumba, Sista alimpa ufagio badala ya kiti, naye akajua hapohapo kwamba amekubaliwa.

"Unaanzia wapi?" Sista aliuliza.

"Mlangoni, Mama."

"Ukianzia mlangoni utajikuta uko nje na kazi imebaki ndani. Anzia chumba cha nyuma, uje ukirudi. Chumba ukishakitoka, hukigusi tena."

Akaanzia chumba cha nyuma. Magodoro aliyasimamisha kwa ubavu, mbali na ukuta, ili hewa ipite pande zote. Madirisha aliyafunga mbao zake za nje moja baada ya nyingine. Jikoni aliacha kabati zote wazi, na mlango wa friji akauwekea mwiko katikati usije ukajifunga na kufuga ukungu. Majivu ya jiko la kuni aliyazoa mpaka chembe ya mwisho, kwa sababu majivu hunywa unyevu na kuutema kwenye chuma cha jiko. Miaka yote alimwona Sista akifanya mambo haya, akadhani ni uzee na ubishi wake. Sasa yalipopita mikononi mwake mwenyewe, aliona kwamba hapakuwa na hata moja la kupamba.

Halafu likaja suala la maji, na maji ndiyo yaliyokuwa yameua nyumba nyingi za huko juu. Yakibaki ndani ya mabomba, baridi huyagandisha, barafu ikavimba na bomba likapasuka. Barafu ikiyeyuka, nyumba inaogelea na hakuna mtu wa kuiona.

"Funga koki ya tangi," sauti ilitoka barazani. "Fungua zote za ndani. Sasa ile ya chini kabisa, nyuma ya beseni la bafuni. Imetoa?"

"Imetoa, Mama. Sasa imeacha."

"Weka sikio. Inasemaje?"

Kinyozi alipiga magoti kwenye sakafu, akaweka sikio. "Inakohoa."

"Ikikohoa bado ina maji kifuani. Ngoja."

Akangoja mpaka bomba lilipovuta pumzi moja ndefu, kavu. Alipomwambia, Sista alisema tu, "Haya. Sasa limelala." Lakini alisema hivyo kwa namna ambayo kinyozi alijisikia kama mwanafunzi aliyepita mtihani.

Alipokuwa akifagia ukumbini alimsikia shemeji yake akizungumza barazani. Shemeji huyu, mtoto wa kwanza wa Sista, alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mwema mwenye mashaka, ambaye hata akipanda gari la mwenzake mguu wake ulitafuta breki.

"Mama, hilo goti halipandi tena mlima huu," alikuwa akisema. "Na nyumba isiyo na mtu inaoza. Kuna bwana mmoja anaitaka."

"Ikiamka mbovu, uza," Sista alisema. "Ikiamka nzima, nisiisikie tena habari ya huyo bwana."

"Sawa, Mama. Umesema mwenyewe."

Kinyozi alisimama na ufagio mkononi. Alimjua Sista wa mjini: alikaa dirishani na blanketi mguuni, na kila aingiaye alimuuliza kama amemeza dawa. Huku mlimani hakuna aliyemuuliza. Huku ni yeye aliyeuliza wengine. Nyumba ikienda, basi atakayebaki ni yule wa dirishani.

Kwa hiyo alitaka kuongeza kitu chake, kitu ambacho hakuagizwa. Kufuli la mlango wa mbele lilikuwa kubwa na gumu, na ufunguo ulizunguka kwa manung'uniko. Kinyozi hakuwahi kuweka mashine yake kabatini bila kuitia mafuta. Kwake chuma kikavu ni aibu. Akafungua mkoba wake, akachukua chupa, akadondoshea tundu la ufunguo kwa ukarimu. Kufuli likafunga bila hata kulalamika. Hakumwambia mtu. Alitaka Sista aje alikute laini, ashangae.

Wakarudi mjini, baridi ikakamata mlima. Na hapo ndipo alipogundua kwamba Sista hakuwa ameiacha nyumba kamwe. Simu ililia dukani wakati ana kichwa cha mteja mkononi.

"Tupige raundi," Sista alisema.

"Mama, nina mtu kitini."

"Mtu wako ana nywele, zitangoja. Chumba cha nyuma?"

Kinyozi alifumba macho. "Magodoro yamesimama. Hayagusi ukuta."

"Jikoni?"

"Friji wazi, mwiko katikati. Kabati wazi."

"Jiko la kuni?"

"Halina jivu."

"Mabomba?"

"Yamepumua."

"Kufuli?"

"Limefungwa, Mama."

"Haya. Mgonjwa anaendelea vizuri." Akakata.

Ikawa desturi yao, kama muuguzi anavyopitia wodi kitanda kwa kitanda. Mvua kubwa ikinyesha mjini, Sista alipiga; upepo ukitikisa mabati, alipiga. Wateja walizoea. Mmoja, fundi wa redio, aliuliza kama mgonjwa ana nafuu, na kinyozi alimjibu kwamba amelala na koki zote wazi, jambo lililomfanya fundi ageuke kitini hadi karibu akatwe sikio. Kinyozi alianza kuzingoja zile simu. Ilimshangaza jinsi mtu anavyoweza kukaa kwenye kiti mjini na bado akatembea chumba kwa chumba mlimani, asiruke hata kona moja. Na kila raundi sauti yake ilipata nguvu kidogo.

Baridi ilipolegea wakapanda wote watatu. Gari liliishia chini. Njia iliyobaki Sista aliipanda kwa fimbo, akipumzika alipotaka na kukataa kubebwa. Walipofika mlangoni alimpa mkwe wake ufunguo. "Mwamshe."

Ufunguo haukuingia. Kinyozi alisukuma, akageuza, akapuliza. Ndani ya tundu palikuwa na kitu cheupe, kigumu, kama nta ya mshumaa.

"Kutu," shemeji alisema. Akashuka hadi kwenye gari, akarudi na chuma cha jeki. "Nikilipiga mara moja linaachia."

"Linaachia na ubao wa mlango," Sista alisema. "Halafu utasema nyumba imeamka mbovu."

"Mama, sikuja kutafuta sababu."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nakwambia weka chuma chini."

Akainama kwa shida, akaleta pua karibu na kufuli, akanusa. Akanusa tena.

"Mbona kufuli linanukia saluni?"

Kinyozi aliushusha ufunguo. "Nilitia mafuta, Mama. Mashine zangu siziweki bila mafuta."

"Mafuta ya mashine?"

"Ya mashine yalikuwa yamekwisha. Nilitia ya nywele. Ya nazi."

Shemeji ndiye aliyeanza kucheka. "Shemeji, ulitaka kufuli liote nywele?"

Sista naye akacheka, akilishika goti lake lisiungane naye. "Na kwenye raundi zote zile, nilipokuuliza kufuli?"

"Nilisema limefungwa."

"Hukudanganya. Limefungwa kwelikweli."

Alivua glavu, akalifumbata kufuli katikati ya viganja vyake viwili ili kulitia joto, bila kulibana, kama alivyofumbata zamani nyayo za watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Kinyozi alimtazama, mwanamke mzima ameegemea mlango wake kwa bega, macho ameyafumba, anasikiliza chuma. Hakuwahi kuona mtu akilitunza kosa la mwenzake kwa upole kiasi kile. Vidole vyake vilipoganda, mkwe alichukua zamu. Baadaye hata shemeji aliweka chuma cha jeki chini na kutoa mikono yake minene mifukoni. Wakapokezana hivyo, wakipuliza viganja, mpaka tone la kwanza la mafuta lilipochuruzika kwenye ubao.

Ufunguo ukaingia.

Ndani palinukia mbao kavu. Sista alitangulia kwa fimbo yake, na mwanawe nyuma akibonyeza magodoro, akipitisha kidole ndani ya kabati, akichungulia friji. Mwiko ulikuwa palepale. Kinyozi alifunga koki za ndani, akaenda kufungua ya tangi, akarudi jikoni walipokuwa, akafungua koki ya pale. Bomba lilikohoa, likatema hewa, likakohoa tena. Kisha maji yakaja, safi, baridi hadi kuuma meno. Wakazunguka mabomba yote. Hapakuwa na unyevu hata chini ya beseni.

Shemeji alijifuta mikono kwa suruali. "Yule bwana," alisema, "nitamwambia atafute mlima mwingine."

"Mwambie kwa adabu," Sista alisema.

Alichomoa ufunguo kwenye kufuli, akaupangusa mafuta kwa ncha ya kitenge chake, akamwekea kinyozi kiganjani na kuvikunja vidole vyake juu yake. Alitafuta kiti chake cha kamba, akataka kisogezwe kwenye jua.

Likizo ilipokwisha, kinyozi aliilaza nyumba akiwa peke yake, akianzia chumba cha nyuma. Sista alibaki mjini, maana goti lilikuwa limesema lake. Siku baridi ilipoanza kuuma, simu ililia dukani, na kinyozi aliweka mashine chini kabla haijalia mara ya pili.

"Tupige raundi," Sista alisema. "Leo tuanze na kufuli."

"Kavu, Mama," kinyozi alijibu. "Kavu kabisa."