Mkono Unaomlisha Koplo

Margret alimpigia mumewe simu asubuhi kumwambia kwamba mbwa bado hajala. Sauti ya kwanza aliyoisikia kutoka Jinja haikuwa ya mumewe, wala ya binti yao Racheal. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, akisema taratibu karibu na simu, "Afande, kunywa uji kabla haujapoa."

"Huyo ni nani?"

"Ni Hajara," Gaster akajibu. "Yule aliyekuwa anapika kule kwenye mabanda ya mbwa. Anakaa mtaa wa hapa, Nalufenya. Ananiletea uji."

"Kwani Racheal hajui kupika uji?"

"Anajua. Koplo amekula?"

Gaster alikuwa hospitalini Jinja, mguu wake umening'inizwa, tangu bodaboda ilipomwangusha akitoka kwenye mazishi ya askari mwenzake. Hakuuliza mkewe ameamkaje. Aliuliza habari za mbwa.

"Hajala," Margret akasema. "Anageuza kichwa kama mtu aliyetukanwa."

Koplo alikuwa mbwa wa polisi, na Gaster alikuwa askari wake. Katika kikosi chao mbwa alifundishwa tangu utotoni kupokea chakula kwa mkono wa bwana wake tu, ili mwizi asije akamtupia nyama yenye sumu. Mtu mwingine akiweka sahani, hata iwe imejaa nyama, mbwa aliangalia pembeni. Wote wawili walipostaafu, walihamia pamoja kwenye nyumba ya Nkoma, Mbale, na desturi ile ikahamia nao.

Margret alikuwa ameitazama desturi hiyo tangu Koplo aletwe, akiwa amesimama mlangoni. Koplo alipokuwa mdogo, Gaster alimpikia uji mzito na mayai, akamlisha kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Alipoanza kazi, akawa anakula posho, yaani ugali, iliyochanganywa na nyama ya kichwa cha ng'ombe, jioni, baada ya doria. Sasa meno yamelika na viungo vimekauka, kwa hiyo Gaster alimsagia nyama laini, akampa sahani ndogo asubuhi na nyingine jioni, asije akanenepa akashindwa kuinuka. Mwanamume huyo huyo hakumchemshia Margret hata chai alipomzaa Racheal.

Si kwamba Margret hakujua kulisha mnyama. Paka wake, Pamba, alikuwa amezaa chini ya cherehani yake, na kwa kuwa alikuwa ananyonyesha, Margret alimpa mukene, wale dagaa wa ziwani, wa kuchemsha bila chumvi kila alipoomba, na maji safi pembeni. Watoto wa paka walikuwa wananona. Lakini sahani ya Koplo ilibaki vile vile mpaka Pamba alipokuja kuimaliza, huku mbwa akimtazama na mbavu zake zinahesabika.

"Mwache Hajara aje," Gaster akasema kwenye simu. "Koplo anaujua mkono wake."

"Anaujuaje?"

"Nilimfundisha yeye, ili nikienda likizo mbwa asife njaa."

"Zile likizo tulizokuwa tunakwenda kwetu Busiu?"

"Hizo hizo."

Margret akakata simu. Alikumbuka likizo zile, yeye na Gaster kwenye shamba la mahindi la wazazi wake, akidhani kwamba kwa siku chache hizo amempata mumewe mzima mzima. Kumbe huko Jinja kulikuwa na mwanamke aliyekuwa ameshika nafasi ya Gaster kwenye sahani ya Koplo. Alitaka kukataa. Akamwangalia Koplo, ambaye alijaribu kusimama akakaa tena. Margret akampigia Racheal simu amwambie yule mama aje.

Hajara akashuka kwenye bodaboda mlangoni kesho yake mchana. Margret alimtazama uso kwanza, kisha mikono. Alikuwa ameomba moyoni awe mbaya wa sura, na hakuwa mbaya. Alikuwa mwanamke wa Kinubi wa makamo, mrefu, mtandio wake umenyooka kana kwamba hakusafiri.

"Assalaam aleikum, mama Racheal. Pole na mgonjwa."

"Tumepoa. Karibu, mama..."

"Mama Swaibu. Mgonjwa mwingine yuko wapi?"

Hata kukaa hakukaa. Akaiinua sahani iliyokataliwa, akainusa.

"Hii ni nini?"

"Posho. Na mchuzi wetu wa jana."

"Una vitunguu?"

"Mchuzi gani hauna vitunguu?"

"Banange! Afadhali alikataa. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, hasa mzee kama huyu." Kisha akaona uso wa mwenyeji wake, akaongeza kwa upole, "Hata mimi sikujua mwanzoni. Afande alinifokea mbele ya kikosi kizima."

Hajara akachemsha nyama kidogo isiyo na mafuta, akaikatakata, akaiponda pamoja na boga na wali uliolainika. Akaweka kiasi cha kujaa kiganja tu, kwa sababu alisema tumbo lililokaa tupu halijazwi kwa pupa. Akachuchumaa, akasogeza sahani.

Koplo akanusa vidole vyake. Mkia wake ukagonga sakafu. Akala.

Margret alipaswa kufurahi. Badala yake akaingia jikoni akaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

"Mbona unazipiga hivyo?" Hajara akauliza kutoka uani.

"Hata mkia ametikisa! Mimi ndiye ninayefua blanketi lake. Mimi ndiye ninayefagia manyoya yake. Wewe unashuka tu kwenye boda, anakupigia saluti."

Hajara alikuwa bombani akinawa. Alianza kwa udongo, akasugua mpaka viwikoni, kisha akaendelea na maji, tena na tena, kama dini yake inavyomtaka mtu aliyeguswa na mate ya mbwa.

"Unaona kazi hii? Nilikuwa naifanya kila siku. Nalufenya watu wetu waliniita mama wa mbwa. Mwanangu Swaibu alipigana shuleni kwa jina hilo. Usinionee wivu kwa jambo hili, dada."

"Kwa jambo lipi basi nikuonee?"

Hajara akacheka. "Afande? Miaka yote ile aliongea na mimi habari za mbwa tu. Mpaka leo sijui kwao ni wapi."

"Basi kwa nini hakunifundisha mimi?"

"Muulize yeye. Mimi nilipewa sahani tu."

Jibu hilo halikumpoza Margret, lakini lilimfanya aache sufuria. Jioni ilipofika alitoka nje akachuchumaa karibu na Hajara.

"Nifundishe," akasema.

Namna ilikuwa moja tu. Wawili walishika sahani pamoja, mkono wa anayejulikana juu, wa mgeni chini. Koplo aliunusa mkono wa Margret, akamwangalia Hajara, akasita, kisha akala. Kila walipomlisha, Hajara alirudisha vidole vyake nyuma kidogo, na Margret akapeleka vyake mbele. Mara moja Hajara aliachia mapema mno, na mbwa akageuza kichwa. Margret akauma meno asilie mbele ya mwanamke yule. Wakaanza upya. Walipikiana chakula, wakalala nyumba moja, wakazungumza kidogo, hasa juu ya boga.

Kisha asubuhi moja Hajara aliondoa mkono wake kabisa. Koplo aliinua macho, akamtazama Margret kwa muda mrefu. Margret hakujua afanye uso gani. Mbwa akainamisha kichwa, akala mpaka akailamba sahani, na ulimi wake ukapita juu ya kidole gumba cha Margret.

"Haya," Hajara akasema, akijipangusa magoti. "Kazi yangu imekwisha. Kesho narudi Jinja. Afande atakuwa amekosa uji."

Hapo ndipo Margret alipoona alichojifanyia. Sasa mbwa alikuwa wake, kwa hiyo yeye ndiye wa kubaki Mbale. Na Hajara ndiye atakayekaa ukingoni mwa kitanda, akisema taratibu, kunywa kabla haujapoa.

"Hapana, mama Swaibu. Wewe baki. Mimi ndiye ninayekwenda Jinja."

"Na Koplo?"

"Si anaujua mkono wako?"

Hajara akamtazama. "Dada, umehangaika kote huko kujifunza ili umwache?"

"Nimejifunza ili asiwe wako peke yako."

Hajara alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Wallahi, afande ameoa! Nenda. Lakini siku nne tu, nina watu nyumbani. Na huyo paka wako anakula nini?"

Margret alifika wodini na chupa ya uji alioukoroga jikoni kwa rafiki wa Racheal, hapo Jinja. Gaster alijaribu kuinuka.

"Mbona umekuja? Koplo yuko na nani?"

"Na Hajara. Anakula. Jana amekula kwa mkono wangu."

"Haiwezekani."

"Amelamba na sahani. Kwa nini hukunifundisha mwenyewe?"

Gaster aliutazama mguu wake ulioning'inia. "Sikufikiri ungetaka."

"Hukuuliza."

"Ni kweli," akasema. "Sikuuliza."

Margret akakaa kitandani, pale hasa alipokuwa amemwona yule mwanamke mawazoni mwake siku zote hizo. Akamimina uji, akampa kikombe. Gaster akanywa. Margret alimkazia macho, akitafuta usoni mwake kama analinganisha.

"Mzuri," Gaster akasema.

"Mzuri kuliko wa nani?"

Racheal, aliyekuwa dirishani, akageuka upesi kuangalia nje. Gaster akakiinua kikombe tena, akanywa mpaka chini bila kukitoa mdomoni.