Kadi Yenye Nukta Nyekundu

Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kufagia kibanda chake cha picha nyuma ya soko la Sumbawanga, Avelina alichomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta, na kompyuta ikamuuliza kama angependa kuifomati. Akaichomoa, akaipuliza, akairudisha. Swali likaja lilelile. Akaitia kwenye kamera, na kamera nayo ikaandika kwamba kadi haisomeki.

Ndani ya kadi ile kulikuwa na misa ya jana yake kule Kasense. Haikuwa misa ya kila Jumapili. Ilikuwa misa ya kwanza ya Padre Leonsi nyumbani kwao, na baraka ya kwanza ya padre mpya watu wa Ufipa hawaikosi. Wengine walipanda mlima tangu Ijumaa kutoka Ilemba. Wa kwanza kupiga magoti mbele ya padre, huku ameshikwa mikono na wanawe wakubwa, alikuwa mama yake mzazi, mama Fransiska. Mama huyo miguu imemvimba, moyo unamsumbua, na daktari alishawaambia wanawe wasimnyime anachokitaka. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: picha hiyo, kubwa, ndani ya fremu, itundikwe pale anapoweza kuiona akiwa amelala. Padre alitakiwa aondoke Ijumaa kwenda kituo chake cha kazi, na alitaka kumkabidhi mama yake picha kwa mkono wake mwenyewe.

"Dada, usibonyeze ndiyo," alisema Yusto kutoka mlangoni. "Ukifomati picha zinafutika, tumekwisha. Nipe niisafishe, halafu tuijaribu kwenye kisomeo kingine cha kadi."

Akanyoosha mkono. Avelina akaifumba kadi kiganjani.

Yusto alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mwenye mke na watoto wawili, na alikuwa amepiga picha na Avelina kwa miaka sita. Avelina mwenyewe hakuwa mtu mbaya, hilo lisemwe mapema. Ila shuku alikuwa nazo kama watu wengine walivyo na mafua: haziishi, zinabadilika tu. Mwaka juzi alimshuku muuza karatasi, mwaka jana mpangaji wa jirani, na tangu mavuno ya mahindi zamu ilikuwa ya Yusto. Siku hizi Yusto alikuwa akitoka nje kupokea simu. Tena alionekana akicheka na Vitus, mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, na fundi cherehani wa kibanda cha pili alikwisha kunong'ona kwamba Yusto yu mbioni kuhamia huko. Lisemwalo lipo, Avelina alijiambia, na kama halipo laja.

Kujikinga hakukumshinda. Kila kadi yake aliitia nukta nyekundu ya rangi ya kucha ili isibadilishwe. Aliuhesabu mkoba wa kadi asubuhi na jioni. Na kabla ya kila kazi kubwa, Yusto akiwa hayupo, alifungua kabati, akatoa chupa ya maji ya baraka aliyoyakoroga na chumvi iliyobarikiwa, maana kinga moja aliiona haitoshi, akaunyunyizia ule mkoba mpaka ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo yake aliijua.

Sasa, akiwa amefumba kiganja, aliyakumbuka ya jana. Watu walipopanga foleni ya baraka, Yusto ndiye aliyemwambia nenda na wewe dada, nipe kamera. Akaenda. Aliporudi alimkuta Yusto amechuchumaa nyuma ya wanakwaya, kadi mkononi, anaisugua kwa pindo la shati. Alipoulizwa alisema ilijaa, ameweka ya akiba iliyokuwa mfukoni mwake. Mtu gani anaficha kadi nyuma ya kwaya aisugue, kama hafuti kitu? Nukta nyekundu ilikuwepo, ni kweli, lakini rangi ya kucha inauzwa kila duka. Na leo huyuhuyu ndiye wa kwanza kusema usibonyeze, nipe mimi. Kajuaje kama kadi ni mbovu, naye ndiyo kwanza anafika? Kwamba kioo cha kompyuta kilitazamana na mlango, na maandishi yake yalisomeka hata na mtu aliyeko barabarani, hilo halikumjia kichwani.

"Kadi yangu umeipeleka wapi, Yusto?"

"Iko mkononi mwako, dada."

"Hii si yangu. Yangu ilikuwa na picha."

Yusto alimtazama kwanza kama mtu anayengoja mzaha uishe. Alipoona hauishi, alieleza polepole kwamba kadi hukataa kwa sababu nyingi, kwamba mara nyingi picha huwa zimo na ni njia tu iliyoziba, na kwamba cha muhimu ni kutopiga kitu kingine juu yake. Kila alichoeleza Avelina alikisikia kama hila. Anajua mno, aliwaza. Mwizi ndiye anayejua kufuli. Akalivuta begi la Yusto kutoka begani mwake na kulimwaga mezani, mlango ukiwa wazi na fundi cherehani akiwa amesimamisha mashine ili aone vizuri. Vilianguka chaja, kalamu, hindi la kuchemsha lililofungwa kwenye gazeti, na kitambaa cha flana kilichoganda madoa meupe. Kadi haikuwapo. Avelina alikitupa kile kitambaa pembeni akaendelea kupekua mifuko.

Yusto alirudisha vitu vyake begini kimoja kimoja. Kisha akautoa ufunguo wa kibanda kwenye pete yake ya funguo, akauweka juu ya meza, akaondoka bila kuaga.

Ungedhani Avelina angeishia hapo. Saa nne alikuwa juu ya bodaboda kuelekea Kasense, maana heri kusema mwenyewe kabla hujasemewa. Alimwamkia mama Fransiska shikamoo, akakaa pembeni ya kitanda, na mbele ya Kasmir, kaka mkubwa wa padre, na majirani waliokuwa wamebaki kuosha masufuria ya sherehe, alisema kwamba picha zimeibwa, na aliyeziiba ni Yusto wake. Mama Fransiska hakulia. Aliuliza tu kama mtu aliyeziiba anazo bado, maana yeye hatamdai kitu, amrudishie ile moja tu. Mpaka jua linaanza kuinama Kasense yote ilikuwa na habari, na Kasmir, aliyekuwa amemwomba Yusto akapige picha za kipaimara cha bintiye, alimpigia simu kumwambia asijisumbue.

Jumatano Avelina alitaka ushahidi. Alikwenda kwa Stumai, fundi wa simu na kompyuta, mwanamke wa Kirando aliyehamia mjini na sifa yake ya kutosema neno lisilohitajika. Hakumwambia okoa picha. Alimwambia thibitisha kwamba kadi hii si ile, uniandikie, niende nayo polisi.

Stumai aliivaa lenzi yake jichoni, akaigeuza kadi upande wenye vile vipande vya rangi ya dhahabu, akaiinamia kwa muda mrefu. Akaikwangua kidogo kwa ncha ya sindano. Kilichotoka, unga mweupe wenye ukijani kwa mbali, akakiweka kwenye karatasi nyeusi, na Avelina alishangaa kumwona anakigusa kwa kidole na kukipeleka kwenye ncha ya ulimi.

"Nani anaitia kadi yako chumvi, dada?"

Avelina alisema hakuna.

"Mama yangu anatia samaki chumvi miaka yote," Stumai alisema. "Ukungu huu nimekua nauona kwenye misumari ya meza yake. Hii imelowa maji ya chumvi, ikakauka, ikalowa tena. Si mara moja."

Akachukua kifutio cha shule, akavisugua vile vipande taratibu, akavipangusa kwa pamba yenye spiriti, akaacha vikauke. Avelina alikaa kwenye kibao. Alikuwa amekwisha kujua, na bado alikuwa akiomba isiwe hivyo; kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakuwa na hakika ya mwizi, aliomba tu awepo. Stumai akaichomeka kadi kwenye kisomeo. Kioo kikajaa picha.

Zote zilikuwamo. Maandamano ya kuingia, mbuzi wa matoleo aliyegoma katikati ya kanisa, vikapu vya ulezi. Mama Fransiska amepiga magoti, mikono ya mwanawe juu ya kilemba chake, uso umeinuliwa, macho yamefumbwa. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Na baada ya hizo, picha alizopiga Yusto: Avelina kwenye foleni, Avelina mbele ya padre, Avelina amepiga magoti. Yusto alikuwa ameipanga vizuri, mwanga wa dirisha ukimwangukia begani. Kiunoni mwake ulining'inia mkoba wa kadi, na chini yake, kwenye kitenge, palikuwa na doa kubwa la maji.

Kuisafisha picha kwenye karatasi na kuitia fremu kulichukua nusu siku. Alhamisi aliipeleka Kasense. Padre Leonsi mwenyewe ndiye aliyeiinua mbele ya kitanda, na mama Fransiska akaugusa mkono wa mwanawe ndani ya picha kwa kidole kimoja, kisha akaushika ule wenyewe. Walipotaka kumpa Avelina kiti na pombe ya ulezi, alikataa akabaki amesimama. Alisema mbele ya wote kwamba Yusto hakuiba kitu, kwamba kadi aliiharibu yeye kwa mkono wake, na jinsi alivyoiharibu. Kicheko kilimtoka jirani mmoja, kikakatika njiani. Padre alimwambia kwa upole kwamba maji yale ni ya watu, vyombo vya umeme vinabarikiwa kwa mbali. Kasmir alisema amesikia, na kwamba wa kuambiwa kwanza alikuwa mwingine.

Huyo mwingine alipatikana kwa Vitus. Alikuwa ameanza kazi Jumanne. Siku ya pili bila kazi mtu hula wapi? Kwa hiyo aliyoyanong'ona fundi cherehani yalitimia, na aliyeyatimiza alikuwa Avelina. Alisimama kizingitini pa kibanda cha mshindani wake, mahali ambapo kwa miaka sita hajawahi kukanyaga, na Yusto akatoka akiwa na kitambaa chake cha flana begani, kimefuliwa.

Avelina aliyasema yote bila kupumzika: chumvi, Stumai, Kasense, samahani. Yusto alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua, dada," alisema. "Chupa niliiona kabatini tangu wakati wa mavuno. Kadi nikizitoa nazikuta na umajimaji, nazifuta. Jumapili ile ilikuwa imelowa kupita siku zote, na kitambaa nilikuwa nimekiacha begini, ndiyo maana nikatumia shati."

"Kwa nini hukuniambia?"

Yusto aliinua mabega, akaonekana kama anayeona aibu kidogo.

"Niliona ni mambo ya imani yako. Nilidhani unatuombea wote wawili."

Neno ndiyo lilikuwa tayari mdomoni mwa Avelina. Lingetosha; kama angelisema, pengine kesho yake Yusto angevuka barabara kurudi. Lakini uongo wa wiki hii ulikuwa umemfika shingoni.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa najikinga na wewe."

Yusto aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa kadi imeharibikaje. Ndani mteja wa picha za pasipoti alikuwa akiita kwamba amechelewa. Yusto akamwomba Avelina samahani, akarudi kazini.