Waya wa Mlango wa Nyuma

...na tena harufu hii, Mungu wangu, samaki aliyevundikwa kwa makusudi kwenye pipa la chumvi mpaka ananuka kama soksi za mlinzi wa zamu, halafu akakaangwa, akamwagiwa mchuzi na pilipili, akaitwa fahari ya jimbo letu la Anhui, na kila mgeni anayekuja Hefei lazima alishwe na aseme ni mtamu, na sasa kichwa chake kimegeuzwa kunitazama mimi, Mkurugenzi Duan mwenyewe ndiye aliyekisukuma kile kioo cha mviringo kinachozunguka katikati ya meza, polepole, kwa kidole kimoja, kama mtu anayelenga shabaha, mpaka ule mdomo ulio wazi ukasimama mbele yangu, na wote wameweka vijiti chini wananingoja, maana kichwa cha samaki kikikuelekea ndiyo umeheshimiwa, unakunywa wewe kwanza, na usipokunywa hakuna anayegusa chakula, na wana njaa, fisi hawa, tangu asubuhi tuko mkutanoni tunapunguza hiki na kile kwenye magari yetu... "Dada Qiao, samaki amekuchagua," anasema Duan, "na samaki hapokei rushwa," wanacheka, Kong wa idara ya masoko anacheka kuwazidi wote, Kong huanza kucheka kabla utani haujafika mwisho, na mimi nimeshika kikombe kidogo cha pombe ya mtama, harufu yake inapanda puani na kukutana na ya samaki, nami natabasamu, naona aibu jinsi ninavyojua kutabasamu. Nitakunywa, bila shaka nitakunywa, nimekunywa mara ngapi nikiwa sitaki, ila leo siyo pombe tu, nikikausha kikombe hiki nimekubali waya utolewe, ndivyo tunavyofanya kazi, mkutanoni tunasema tutaliangalia, tutalifikiria, halafu tunakuja kukubaliana mezani, na ukishakigeuza kikombe juu chini kuonyesha hakina hata tone huwezi tena kurudi ofisini useme hukuelewa.

Na waya wenyewe kitu kidogo, mpaka mtu anaona haya kuugombania, uzi wa chuma unaopita ndani ya mlango wa nyuma, basi, milango yetu inafunguka kwa umeme, unagusa kitufe na mlango unajiachia wenyewe kama wa mfalme, lakini betri ikifa, gari likigonga, likitumbukia kwenye maji, kitufe kinakuwa pambo, ndipo aliyekaa nyuma anavuta ule waya kwa mkono wake mwenyewe na kutoka, bila kompyuta, bila simu, bila kumwomba mtu... "Nani ameshawahi kuuvuta?" aliuliza Duan asubuhi, "niambieni, nani? Wateja hata hawajui kama upo," na ni kweli hawajui, nani anajua ini lake liko upande gani mpaka siku limuume, na mimi, mkuu wa ubora, jina kubwa kama kofia ya harusi, nikasema mkurugenzi, tunachookoa kwa mlango mmoja hakinunui hata bakuli la tambi, akanitazama kwa huruma, akasema, "Tambi zako hizo zidishe kwa magari yote, dada, halafu uniambie nani atakula mwaka ujao na nani atakufa njaa," na chumba kizima kikatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kwani leo alfajiri jirani zetu wa ng'ambo ya barabara, watengeneza magari kama sisi, wameshusha bei, na sisi kabla ya saa nne tumeshusha, na wale wa Kusini wamejibu na friji ndogo ya bure ndani ya gari, sasa Kong anataka friji na kiti kinachokanda mgongo, na bei ishuke tena, na kiti kinachokanda mgongo kitalipwa na nini kama si na waya, na breki kesho, na kesho kutwa sijui na nini, tutauza redio yenye magurudumu. Kujikunja, ndilo neno letu siku hizi, nchi nzima inalisema, watoto wanajikunja shuleni, wauza chai wanajikunja, viwanda vinajikunja, kila mtu anajikunja ndani kama jongoo aliyeguswa, anabanana, anajiminya, na hakuna anayesogea mbele hata kidogo, na Duan amelifanya wimbo, "Usipojikunja utakunjwa!" ameliandika ukutani kwenye karakana kwa herufi nyekundu, watu wanapita chini yake kwenda chooni.

Na wanaokunjwa tunawaona, hatusemi, shemeji yangu Pan alinunua gari la kampuni ile ya Changzhou, lile lenye taa za rangi ya zambarau, alilipenda kuliko mkewe, kampuni ikafa mwezi mmoja baadaye, ikafa kabisa, majani yameota mpaka kwenye mlango wa kiwanda, na ufunguo wa gari ulikuwa ndani ya simu, na simu ikawa inamwambia samahani, huduma haipatikani, samahani, huduma haipatikani, dada yangu ikabidi aingie ndani kupitia buti la nyuma akiwa amevaa gauni la kwenda kwa wakwe, na sisi tulicheka, familia nzima ilicheka, mimi pia, na ni watu kama mimi waliolitengeneza lile gari, na wao pia walikaa mezani mahali fulani wakanywa. Vita vya panzi furaha ya kunguru, ndivyo Kong anavyowaambia wanunuzi kwenye video zake, njooni mfurahi, sisi tunakatana shingo, ninyi mnapata rahisi, hasemi kwamba kunguru ndiye atakayekaa kiti cha nyuma... "Dada Qiao, mkono utakufa ganzi," anasema mtu, "Mwacheni, anamtongoza samaki," anasema mwingine, na kicheko tena, na sasa nani huyu, Mzee Tao, jamani, Mzee Tao anainuka upande ule wa meza, anakuja kunisindikiza kunywa, amekishika kikombe kwa mikono miwili, mgongo umeinama, Mzee Tao wa Wuhu anayetutengenezea vitasa na waya, yeye ndiye mwenye kiwanda, ana mvi kichwa kizima, angeweza kuwa baba yangu, naye ananiinamia mimi.

"Dada mkubwa," ananiita, mimi, dada mkubwa, "nakunywa pamoja nawe, wewe onja tu, mimi nitakausha," na anakileta kikombe chake kigongane na changu, na anakileta chini, chini ya changu, kama adabu inavyotaka mdogo afanye kwa mkubwa, mdomo wa kikombe chake ugonge tumbo la changu, lakini siwezi kumwacha mzee wa mvi ajishushe chini yangu, siwezi, nililelewa na watu, basi nashusha changu chini ya chake, naye, "Hapana, hapana, haiwezekani," anashusha chake, nami nashusha, naye anashusha, na meza inapiga makofi, wanapenda mchezo huu, Duan anasema, "Tazameni adabu! Hivi ndivyo watu wanavyojikunja!" na tunashuka, mzee na mimi, magoti yamepinda, pombe inamwagika vidoleni, mpaka vikombe viwili vimegota ukingo wa meza na hakuna tena pa kushukia, mbio za kufika sakafuni, na hapo, tukiwa tumeinama hivyo, uso wake karibu na wangu, naona jasho juu ya mdomo wake na nasikia pumzi yake ya vitunguu, namchukia, namchukia kwa dakika hii kuliko Duan, kwa sababu Duan hajui waya ni nini na huyu anajua, huyu aliishi kwa kutengeneza waya huu, na amekuja kuniomba niuue kwa sababu ameambiwa asiposhusha bei vitasa vyote vitaenda kwa mtu mwingine, na watu wake wa Wuhu watakwenda wapi, najua, najua, sihitaji kuelezwa, ananiangalia macho yamelowa na kusema kwa sauti ya chini, midomo haichezi, "Kunywa, mwanangu. Kunywa tu yaishe. Ila watu wako usiwanunulie gari hili jipya. Mimi mkwe wangu nimemchukulia la mwaka jana."

La mwaka jana, lenye waya, amesema kwa wema, ndicho kibaya zaidi, amenipa kama zawadi, kama mtu anayekunong'oneza duka gani lina nyama safi, na sasa naiona meza yote upya, nageuza macho tu, kichwa hakisogei, Duan anaendeshwa kwenye gari kubwa la Kijerumani la petroli na hajawahi kukaa ndani ya letu ila siku ya kupigwa picha, yule wa fedha anapanda treni, yule wa manunuzi nilimsikia akiuliza ya mwaka jana yamebaki mangapi kwenye bohari, kumbe, kumbe aliuliza kwa hilo, wote wanajua, kila mmoja amekwisha kuwatoa wa kwake mlangoni kimyakimya na sasa ananisubiri mimi nifunge, na nilidhani mimi ni mwoga peke yangu kati ya watu wasioelewa, nilikuwa nawaza nina miaka arobaini na minne, mji huu kampuni zinasema wazi hazitaki aliyepita thelathini na mitano, nikifukuzwa nani atanichukua, niuze mayai ya kuchemshwa kwa majani ya chai stesheni, nilikuwa nawaza hivyo dakika hii iliyopita na bado ni kweli, hakuna kilichobadilika, nitauza mayai, ila yule mmoja hajui, waya kwake ni bei tu, yule anayecheka, Kong, Kong ameagiza hili jipya kwa punguzo la wafanyakazi, ameshalipia, mkewe atajifungua majira ya kuchumwa chai mpya, asubuhi kwenye lifti alinisogezea simu puani, "Dada, tazama, kiti cha mtoto, kinazunguka pande zote!" na hakuna hata mmoja mezani hapa aliyemnong'oneza, wanakula naye, wanacheka naye, Mzee Tao hakumnong'oneza, kwa sababu Kong ni mpumbavu na kelele zake zinachosha na atapiga kelele, basi apige, apige kelele mji mzima usikie, vikombe vyetu bado viko ukingoni, mzee ananisihi kwa macho, Duan anaanza kuhesabu, "Moja... mbili..." wengine wanapokea, na mimi kikombe sikiinui na sikishushi, nimefungua mdomo, siyo kwa ajili ya pombe, Kong, tulia kidogo, Kong, hicho kiti cha mwanao utakifunga nyuma, upande gani.