Vishubaka vya Chumba cha Nyuma

Barua ya kulifunga tawi ililetwa na mkaguzi mwenyewe, mkononi, kwa gari la ofisi. Hata makao makuu ya posta hayakuiamini posta kuifikisha. Mama Vishubaka, aliyeitwa hivyo kwa vijumba vya kabati alimopangia barua za tawi lile kwa miaka ishirini na sita, ndiye aliyeling'amua hilo kwanza, na lilimuuma kuliko yote yaliyoandikwa ndani.

Ndani yaliandikwa yale ambayo kila mtu alikuwa akiyanong'ona tangu mwaka uliopita. Shirika limeelemewa na madeni, watu hawaandikiani tena, stempu zinaozea kwenye droo, na matawi yasiyojiendesha yatafungwa. Tawi lao lilipewa mpaka mwisho wa mwezi, yaani siku kumi na moja. Wafanyakazi wote saba wangepunguzwa, akiwemo yeye, aliyebakiza miaka miwili astaafu.

Mkuu wa tawi, mtu mpole aliyewaogopa hata wateja, aliisoma barua mara mbili, akaikunja vizuri, kisha akaanza kumtafutia mkaguzi kiti. Mama Vishubaka hakuumbwa hivyo. Yeye akikasirika husema, na siku hiyo alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Mwanangu," alimwambia mkaguzi, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa kitindamimba wake, "umeishia kwenye kaunta. Chumba cha nyuma hujakanyaga. Sasa unafungaje kitu ambacho hujakiona?"

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, maana lile lilikuwa tawi la tisa kulifunga ndani ya wiki tatu, na katika yote hayo hakuna aliyembishia.

"Haya, mama. Nionyeshe."

Mkuu wa tawi alibadilika rangi. Chumba cha nyuma kilikuwa na siri, na tawi zima liliijua.

Miaka minne nyuma, makao makuu yalimwajiri mshauri wa mageuzi, bwana mmoja wa tai na kompyuta, akazunguka nchi nzima na kuacha waraka: barua zote zipangwe kwa herufi za majina. Mama Vishubaka alipousoma alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Katika mji ambao nyumba hazina namba na nusu ya mitaa haina majina, herufi zinamsaidia nini mtu wa baiskeli? Herufi M peke yake ingempandisha mlimani, ikamteremsha bondeni, ikamrudisha tena mlimani kwa jirani wa yule wa kwanza. Basi akafanya lile ambalo watumishi wa umma hulifanya popote wanapoletewa upuuzi wenye mhuri: alitii mbele, akaendelea na mambo yake nyuma. Kabati jipya la herufi liliwekwa karibu na kaunta, likapakwa rangi, na halikutumika hata siku moja. Kabati la kweli, la vishubaka mia na arobaini, lilibaki chumba cha nyuma, limefunikwa pazia ambalo mumewe, fundi cherehani, alilishona kwa mabaki ya kitambaa cha sare za shule.

Alilivuta pazia, akakaa pembeni.

Kila kishubaka kilikuwa na kikaratasi cha mwandiko wake, jina na chini yake namna ya kumpata mtu. *Fundi redio, ngazi ya nje. Mjane wa dereva, gonga dirisha. Mwalimu mstaafu, mbwa mkali, ita kwanza.* Vilipangwa kwa jinsi miguu inavyokwenda, kuanzia mlango wa posta mpaka nyumba ya mwisho bondeni, hivyo mpeleka barua alichukua furushi lake kwa mpangilio na hakurudia njia. Mtu akihama, kikaratasi chake nacho kilihama, siku hiyohiyo.

"Na waraka?" mkaguzi aliuliza.

"Uko kwenye faili. Nimeutunza vizuri sana."

Mkuu wa tawi alifumba macho.

"Hili ni kosa la nidhamu, mama."

"Najua. Liandike. Ila kabla hujaandika, kuna barua nyingine kwa bosi wangu hapo ambayo hajakuonyesha."

Bosi aliitoa kwenye droo. Hospitali ya mji ilikuwa inatafuta wa kuwapelekea wazee dawa za kisukari na presha majumbani, kila mwezi. Kwa majaribio, posta ingepewa vifurushi sitini, kampuni moja ya pikipiki nayo sitini, siku ya Alhamisi mpaka saa kumi jioni. Ambaye angefikisha vingi zaidi ndiye angepewa kazi, na si ya hospitali ile tu, bali ya hospitali zote za mkoa. Mkuu wa tawi alikuwa ameomba ruhusa, makao makuu yakamjibu kwamba matawi ya namna hiyo yako mbioni kufungwa, asijihangaishe; hospitali ilikuwa bado haijaambiwa.

Mkaguzi aliirudia barua ile polepole. Aliviangalia vishubaka. Aliangalia saa yake.

"Mpaka mwisho wa mwezi tawi hili bado ni la posta," alisema. "Alhamisi ni keshokutwa. Nitabaki."

Jioni ile Mama Vishubaka alimsimulia mumewe. Fundi alisimamisha cherehani, jambo ambalo halifanyi hivihivi.

"Mkishindwa je, mama watoto?"

"Nitakuja hapa kukushonea vifungo."

Wote wawili walicheka, lakini yeye moyoni alikuwa na hofu. Aliwafikiria wenzake sita, mmoja baada ya mwingine, na usingizi ukampaa.

Alhamisi saa mbili asubuhi muuguzi alileta magunia. Kila kifurushi kilikuwa na jina la mgonjwa, mtaa na namba ya simu, basi. Vijana wanane wa pikipiki, wamevaa majaketi mapya, waligawana vyao haraka haraka wakatimka kwa kelele. Posta ilikuwa na baiskeli tatu, na mmoja wa wapeleka barua aliitwa Breki kwa sababu baiskeli yake haikuwa nazo. Wote watatu walisimama mlangoni wakimsubiri Mama Vishubaka, naye alikuwa anapanga.

Alipanga dakika arobaini. Mkaguzi alishindwa kuvumilia.

"Mama, wenzenu wameondoka zamani."

"Waache waende. Bado hawajui wanakokwenda."

Na kweli hawakujua. Kampuni ilitegemea simu, na mzee wa siku hizi akiona namba ngeni anajua ni tapeli. Wengine hawakupokea. Wengine simu zao walikuwa nazo wajukuu, na wajukuu walikuwa shuleni. Bibi mmoja alimwambia kijana wa pikipiki kwamba hata akijiita mganga mkuu wa hospitali, namba yake ya siri ya pesa hampi. Ilipofika saa sita vijana wanne walikuwa wamesimama njia panda, simu masikioni, wakimuuliza muuza mkaa nani anaishi wapi. Breki alipita katikati yao akipiga kengele, na kwa kuwa hakuwa na namna ya kusimama, hakusimama.

Saa nane mchana posta ilikuwa imefikisha hamsini na tisa.

Kilichobaki kilikuwa kimoja, na jina lililoandikwa juu yake halikuwa kwenye kishubaka chochote. Mama Vishubaka alilitazama, akalisoma kwa sauti, akalisoma tena. Simu haikupokelewa. Breki alirudi kutoka mtaani akasema kila aliyemuuliza ametikisa kichwa. Mkaguzi alisema hamsini na tisa si haba.

"Huyu wa sitini ndiye asiyepata dawa," Mama Vishubaka alijibu. "Kwake yeye hamsini na tisa ni sifuri."

Alijiinamia kidogo. Mama mtu mzima mtaani haitwi jina lake, anaitwa la mwanawe, na miaka ikipita hata majirani hawalijui lile la kwake. Hospitali huandika jina la kitambulisho. Na ni wapi pengine ambapo mtu hulazimika kutoa kitambulisho? Alijifunga kanga kiunoni, akateremsha rejista za barua za kusaini, zile kubwa zenye vumbi, akaanza kufunua. Mkaguzi alivua koti akachukua ya pili. Kwenye kitabu cha miaka kumi na mmoja nyuma walilipata: jina lilelile, sahihi ya kujikongoja, na pembeni, kwa penseli, mwandiko wa Mama Vishubaka. *Mama Mapacha, nyuma ya karakana ya mbao.*

Alikwenda mwenyewe, kwa miguu, na mkaguzi nyuma yake akihema. Alibisha, akaita jina lililo kwenye kifurushi, lote, kama lilivyoandikwa.

Bibi alichungulia taratibu, akishikilia fremu ya mlango.

"Nani amekupa jina hilo?"

"Posta, bibi. Tumeleta dawa yako."

"Tangu mama yangu afariki sijasikia mtu akiniita hivyo," bibi alisema, akakipokea kifurushi kwa mikono miwili. Aliomba aitwe tena. Mama Vishubaka alimwita tena, na mkaguzi akageuka pembeni akijifanya anatafuta kitu mkobani.

Saa kumi muuguzi alihesabu sahihi mbele ya pande zote mbili. Pikipiki, thelathini na nne. Posta, sitini. Msimamizi wa kampuni, muungwana kwa kweli, alimpa Breki mkono na kumuuliza kama anatafuta kazi.

"Ninayo," alisema Breki.

Mkaguzi hakuijaza ile fomu ya kufunga. Aliandika taarifa ya kurasa sita, na kwenye kipengele cha makosa ya nidhamu aliandika kwamba kosa la kupuuza waraka limethibitishwa, na anapendekeza lifanywe na matawi yote. Makao makuu yalivutana siku nne. Mkurugenzi alipopiga simu aliomba aongee na mpangaji barua, si mkuu wa tawi. Madeni ya shirika hayakufutika kwa simu ile, na hakuna aliyedanganya kwamba yamefutika. Lakini tawi halifungwi, kazi ya hospitali za mkoa mzima ni yao, na yale manane yaliyofungwa yatafunguliwa moja moja, kila moja na kabati linalopangwa kwa jinsi miguu inavyokwenda. Swali lilikuwa moja tu: Mama Vishubaka angehitaji muda gani kuwafundisha wapangaji wengine?

"Wiki mbili kwa tawi," alisema. "Na waje wamevaa viatu vya kutembelea."

Siku ya mwisho wa mwezi, ile iliyotajwa kwenye barua, gari la hospitali lilisimama mlangoni na vifurushi mia nne. Wapangaji wanane kutoka matawi manane walikuwa wamejazana chumba cha nyuma, kila mmoja na penseli. Mama Vishubaka aliingia, akawaona, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote. Hakuyafuta. Alichukua kifurushi cha kwanza, akalisoma jina, akamkabidhi aliye karibu naye.

"Huyu anakaa wapi?" aliuliza.

"Sijui, mama."

"Vizuri. Twende tukamuulize jirani yake."