Chamima na Mtani Wake

Alcides, karani wa kampuni ya gesi, alipokuja na tableti yake kuuliza kila mtu anashirikiana na nani, Chamima na Laila walikuwa wamekaa mkeka mmoja wakichambua dagaa. Watu wa gesi walitaka kukihamisha kijiji kizima, na waliahidi kwamba walioshikamana watahamishwa pamoja. Kila jina unalolitaja linachorewa mstari wa kukuunganisha nalo. Kompyuta inatazama mistari ilikosongamana, na waliomo humo ndio kundi moja.

"Na huyu Laila, mama?"

"Huyu mchawi? Hata nikifa asikanyage kwangu!"

"Nitakuja," akadakia Laila, "nihakikishe umekufa kweli!"

Wakacheka mpaka machozi. Alcides, mtu wa Maputo, hakucheka. Aliandika.

Si angeuliza tu! Hao ni watani tangu enzi za mababu. Mume wa Chamima alipofariki, ni Laila huyohuyo aliyevaa kanzu ya marehemu, akaigiza alivyokuwa akichechemea, hadi mjane mwenyewe akacheka katikati ya kilio. Matusi yao ndiyo undugu wao.

Lista ya majina ilipobandikwa, kundi la Laila lilipangiwa njia ya Pundanhar, mbali huko bara, ile barabara ya mashimo matupu. La Chamima lilibaki karibu na mji wa Palma. Lahaula! Chamima alikwenda ofisini mbiombio, hata kanga hakuifunga vizuri.

"Yule ndiye wa kunizika! Unamtoa kwangu, nizikwe na nani?"

Alcides akamwonyesha kioo cha kompyuta. Vidoti vya njano huku, vya buluu kule, katikati peupe. "Mlisema wenyewe, mama. Nyote wawili. Maadui hatuwezi kuwaweka jirani."

"Ulikuwa utani, mwanangu!"

"Nyumba zimeshagawiwa."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtia Chamima hasira zaidi. Lakini njiani alijichukia mwenyewe, yeye na ulimi wake.

Siku ya kuhama, lori la Laila lilitangulia kuondoka. Chamima alilikimbilia, akapaza sauti mbele ya watu wote: "Nenda, kizee we! Huko hata fisi watakukataa!"

Akasubiri. Miaka arobaini Laila hakuwahi kukosa jibu, wala hakuwahi kumwambia neno jema hata moja.

Laila alimtazama kutoka juu ya magodoro.

"Kwaheri, dada yangu," akasema. "Mungu akutunze."

Chamima akakaa chini palepale barabarani, akalia.