Imepokelewa, kwa Jina la Shangazi

Shangazi aliacha kuwasha jiko wiki ileile bomba kuu la maji lilipokatwa. Aliyejua kwamba mambo hayo mawili yametoka mahali pamoja alikuwa mtu mmoja tu, mtoto wa kaka yake, fundi wa programu za kompyuta, naye alikuwa ameufyata ulimi.

Tumweleze Shangazi kwanza, maana anastahili. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kwenye dawati la ujumbe katika ofisi ya maji, akipokea taarifa za ofisi nyingine na kuzifikisha kwa wahusika kabla hazijapoa. Wenzake walimwita Daftari. Ukimuuliza nani alipiga simu siku ya ile mvua kubwa, miaka tisa nyuma, alikutajia jina, saa, na kama mpigaji alikuwa na mafua. Fundi alilelewa naye tangu darasa la pili, na hakumbuki hata siku moja aliyokwenda shule bila kalamu.

Kisha likaja suala la mifumo kuzungumza. Ofisi ya maji ilikuwa na programu yake ya mawasiliano, ofisi ya barabara ilikuwa na yake, na hizo mbili hazikuwa zikisalimiana. Taarifa ikitoka huku kwenda kule, ilibidi mtu aichape upya. Kampuni ya fundi ikapewa kazi ya kuziunganisha kwa kufuata kanuni huria, yaani zile zilizoandikwa hadharani ili programu ya kampuni yoyote ijue namna ya kusema na mwenzake. Fundi alizipenda kanuni zile, bila utani. Alizisoma ukurasa kwa ukurasa, na sentensi moja aliijua kwa moyo: neno “imepokelewa” litatumwa na mpokeaji mwenyewe, baada ya ujumbe kumfikia.

Asubuhi ya maonyesho mbele ya wakubwa wa ofisi zote mbili, neno hilo likagoma. Ujumbe ulikwenda vizuri, jibu halikurudi. Zilibaki dakika arobaini. Mkuu wa kitengo chake, mtu anayetazama saa hata akiwa likizo, akamwinamia begani.

“Fanya ufanyavyo, bwana. Mimi nataka nione alama ya kijani.”

Fundi akaandika mstari mmoja. Mstari huo uliiambia programu ya katikati ijibu yenyewe “imepokelewa”, pamoja na jina la aliye zamu, bila kumngoja mtu. Alama ya kijani ikawaka, wakubwa wakapiga makofi. Pembeni mwa mstari fundi aliandika: “Ya muda tu. Ondoa kesho.” Kesho yake aliamka na homa, keshokutwa akapewa kazi nyingine, na ikapita miezi saba. Katika miezi hiyo ujumbe ulikuwa ukifika kweli, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Ndipo Ijumaa moja ofisi ya barabara ikatuma ujumbe: Jumatatu alfajiri tunachimba karibu na bomba kuu, fungeni maji. Siku hiyo mtandao ulikuwa na kigugumizi, ujumbe ukapotelea njiani. Ofisi ya barabara ikaona alama ya kijani na jina la Shangazi, ikachimba. Maji yakaruka hadi madirishani, na madarasa mawili ya chekechea yakajaa tope. Ahueni ni kwamba watoto walikuwa bado vitandani kwao.

Shangazi akaitwa na kuonyeshwa skrini. Imepokelewa, Ijumaa, saa tisa na dakika nane, jina lake. Mwingine angewaka kwamba anasingiziwa. Yeye aliitazama ile saa, akajipekua kichwani, asikute kitu.

“Basi nimesahau,” akasema.

Akaambiwa akae nyumbani hadi kikao kitakapoamua.

Fundi alifungua kumbukumbu za mfumo Jumanne, akauona mstari wake na maneno yale ya pembeni. Jumatano akaenda kwa Shangazi na nia ya kusema yote. Akamkuta ameketi jikoni, jiko baridi, kiberiti amekiweka juu kabisa ya kabati.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Leo sina chai. Naogopa nitawasha moto niusahau.” Akashusha sauti. “Bibi yako alianza hivihivi. Alisahau kitu kimoja, kesho kingine, mwisho akatusahau sisi.”

Hapo ndipo mahali pa kusema, na fundi alipajua. Alichofanya ni kwenda dukani kumnunulia chupa kubwa ya chai, ile ya kutunza joto, akapitia mgahawani ikajazwa, akarudi nayo. Shangazi akamshukuru mara mbili, na kila shukrani ilimchoma.

Alhamisi aliufuta mstari, kimyakimya. Akautafuta ubovu wa tangu mwanzo, akaurekebisha kwa robo saa. Robo saa tu! Sasa “imepokelewa” ilitoka kwa mpokeaji mwenyewe, kama kanuni zilivyotaka, na fundi akajiambia atasema mambo yakitulia. Kisha akajiambia atasema baada ya kikao. Alijichukia, lakini alijichukia kimoyomoyo, mahali ambapo hakuna anayemfukuza mtu kazi.

Jumamosi ya wiki ya tatu, Shangazi alimpa karatasi. Kikao kilikuwa Jumatatu.

“Nichapie hii, baba. Lakini kwanza nisomee kwa sauti. Siku hizi nikisoma mwenyewe siamini.”

Fundi akaanza: “Naomba kuacha kazi kwa hiari yangu, kwa sababu akili yangu haiaminiki tena.” Akaiweka karatasi mezani.

“Shangazi, hukusahau.”

“Usinibembeleze, mwanangu.”

“Sikubembelezi. Ule ujumbe haukukufikia. Mashine ndiyo iliyojibu kwa jina lako, na mimi ndiye niliyeiambia ijibu.” Akaeleza yote, maonyesho, dakika arobaini, mstari, homa ya kesho yake.

“Kwa hiyo kichwa changu ni kizima?” Shangazi akauliza.

“Kizima kabisa.”

Akacheka, machozi yakimtoka. Akavuta kiti, akakishusha kiberiti kutoka juu ya kabati, akawasha jiko, akateleka maji. Fundi akahisi kifua kimemfunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Kisha Shangazi akauliza, bila kugeuka:

“Ulijua lini?”

Angeweza kudanganya. “Jumanne.”

“Jumanne ipi?”

“Ile ya kwanza.”

Shangazi akageuka. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

“Jumatatu utayasema haya kikaoni.”

“Nitayasema.”

“Vizuri.” Akaichukua ile chupa ya chai mezani, akaiweka mbele yake. “Jumatano ulikuja na hii. Ulivaa shati la bluu, kifungo cha pili hakipo. Ulisema chai ya chupa ni salama zaidi kwa mtu wa umri wangu. Alhamisi hukuja. Ijumaa ulipiga simu saa moja jioni, ukaniuliza kama nalala vizuri, nikakwambia silali. Jumapili niliandika ‘Dawa’ na ‘Funga mlango’ ili nisisahau, wewe ukanishikia karatasi ukutani nikibandika, ukasema niinue kidogo upande wa kulia.”

Maji yakaanza kuchemka. Fundi akainamisha kichwa.

“Jumatatu,” Shangazi akaendelea, na akaendelea hivyo, siku moja baada ya nyingine, mpaka akafika leo, na hakuruka hata moja.