Mafiga Ndani ya Sanduku la Kioo

Emilia alikuwa mvumilivu wa mengi, ila si mtu kuacha chakula chake. Umtukane, atakurudishia, yatakwisha. Lakini ukisukuma sahani yake pembeni ukasema umeshiba, hapo umetafuta ugomvi. Na Anyisile, mke wa mdogo wake, alikuwa akiisukuma kila siku tangu mahindi yaanze kukauka shambani.

"Anaringa huyo," Emilia aliwaambia majirani pale Njombe. "Kazoea samaki wa ziwani kwao Mwaya. Viazi vya Ubena vinamkwama."

Jiko lile lilikuwa lake. Alipofiwa na mumewe alirudi kwa mdogo wake huyo, Nahumu, fundi wa madirisha, ambaye Emilia mwenyewe ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Pengine pa kwenda hakuwa napo. Nahumu alipokwenda Tukuyu kutia vioo kanisani akarudi na mke, Emilia alipiga vigelegele kuliko wote, huku moyo ukimuuliza: nyumba ikishampata mwenyewe, wewe utakuwa nani?

Nahumu naye, mapenzi yalikuwa yamemchukua akili. Aliona mkewe analikumbuka ziwa, basi akamtengenezea ziwa! Alichukua vioo vilivyobaki kazini, akaviunga kwa mbao na puti ya madirisha, likatoka sanduku la kuweka samaki, kubwa kama sanduku la nguo. Lakini kwa baridi ya Njombe samaki wa Nyasa wangekufa sebuleni usiku wa kwanza. Sanduku likawekwa wapi? Jikoni, karibu na moto. Jikoni kwa Emilia!

Samaki wa kwanza Nahumu aliwachagua mwenyewe huko Makambako, kwenye lori la Lukas, dereva wa njia ya Mbeya, aliyewaleta ndani ya vyungu vya maji. Aliwachagua kama mtu anayechagua kitenge: madume mawili ya buluu kwa kuwa yanang'aa, vidogo vya njano kwa kuwa vinapendeza, na perege mmoja mnene, sijui kwa heshima ya nani. Kulipokucha perege alikwishavimeza vya njano, na yale madume yalikuwa yamechanana mapezi mpaka yakafa yote mawili.

"Mafahali wawili zizi moja," alisema Emilia, akamkaanga perege.

Alimkaanga vizuri, kwa nyanya na kitunguu. Anyisile alitazama sahani, akafumba mdomo, akatoka nje. Ebo! Mtoto wa ziwani anamkataa samaki? Basi shida haikuwa viazi. Shida ilikuwa mkono wa Emilia. Ilimuuma sana, na usiku ule aliomba Mungu kwa hasira.

Safari ya pili mawifi walikwenda Makambako pamoja. Nahumu alikuwa na kazi, naye Emilia alitaka chumvi. Anyisile aliinama juu ya vyungu vya Lukas, akakaa hapo mpaka chai ya Emilia ikapoa.

"Uzuri baadaye," alisema. "Wale wakubwa waache, na wadogo sana waache. Nipe wa kadiri, wa kimo kimoja, asiwepo wa kummeza mwenzake. Dume moja tu. Majike manne, ili ukali wake wagawane, usimwangukie mmoja."

"Shemeji," Lukas alicheka, "unanunua samaki au unagawa vyumba?"

"Ni yaleyale. Sanduku ni dogo. Kila mmoja lazima apate pa kujificha."

Emilia aliyasikia maneno hayo, akayaweka moyoni. Nyumba ya Nahumu nayo ilikuwa ndogo.

Siku chache baadaye alirudi kutoka shambani, akatazama nyuma ya mlango wa jiko. Patupu. Hapo ndipo alipoyaweka mafiga matatu ya marehemu mama yao, aliyoyabeba kichwani kutoka Wanging'ombe. Tangu Nahumu ajenge jiko la matofali hayakupikiwa tena, lakini yalikuwa yake. Sasa yalikuwa ndani ya maji, yamesuguliwa masizi yote, na samaki wanapita katikati yake.

Mama yao alikuwa na neno lake: mwanamke akikuondolea mafiga, amekuonyesha mlango.

Emilia aliingia chumbani kwake, akatandika kanga kitandani. Alifunga nguo zake.

"Nakwenda Makambako," alimwambia Nahumu. "Kuna banda la chai linatafuta mpishi."

"Dada, nimekukosea nini?"

"Wewe hujakosea. Sanduku ni dogo."

Aliingia jikoni kuchukua mawe yake. Alipopandisha mkono wa gauni, akamwona samaki mmoja, jike, amejibanza pembeni, mashavu yamevimba. Akamtupia unga. Wenzake wakaugombea, yule akafumba mdomo, akageuka.

"Hata wewe!" Emilia alifoka, machozi yakimtoka. "Hata samaki hataki chakula changu! Huyu mgonjwa, ataambukiza wenzake. Bora paka amle." Akamchota kwa upawa.

"Wifi, mrudishe!" Anyisile alikuwa mlangoni, na sauti ile Emilia hakuwahi kuisikia kwake. "Si mgonjwa! Ana watoto mdomoni!"

"Watoto?"

"Huwabeba mdomoni mpaka wapate nguvu. Siku zote hizo hali kitu, asije akawameza. Mrudishe, wifi, tafadhali."

Emilia alimrudisha samaki majini polepole. Kisha akageuka, akamtazama wifi yake kwa mara ya kwanza tangu mahindi yakauke: mdomo uliofumbwa, mkono uliotulia tumboni. Lo! Yeye aliyewapokea watoto wa nusu ya mtaa, asilione hili? Lakini ukishakata shauri kwamba mtu anaringa, macho hayana kazi tena.

"Na wewe?" aliuliza.

Anyisile akainamisha kichwa. "Yule perege nilimtamani, harufu ikanishinda. Niliogopa kukwambia. Ungeona nakidharau chakula chako."

"Nilikwisha kuona hivyo, mjinga mimi! Na mafiga?"

"Mafiga gani?" Anyisile alitazama majini, akashika kinywa. "Nilidhani ni mawe yaliyosahauliwa. Nilimtafutia huyu mama pa kujificha. Nisamehe, dada. Nayatoa sasa hivi."

Alikwisha kutumbukiza mkono. Emilia akaushika palepale majini.

"Yaache. Watoto watakapotoka watajificha wapi?"

Nahumu alikuwa amesimama uani na mzigo wa dada yake begani, kama mtu aliyetumwa asijue anakwenda wapi.

"Tua hapo!" Emilia alimwita. "Kanitafutie mawe mengine matatu, makubwa. Mzazi anahitaji moto wake wa maji ya kuoga. Na moto huo nitauwasha mimi."